EDGE, HQE, Green Star au LEED: cheti kipi cha kijani kwa jengo la umma Lubumbashi?

Nawaandikia walio kwenye kamati. Kamati ya kujenga hospitali, maktaba ya chuo, mahakama, ofisi za komini, ukumbi wa mikutano. Siku inafika mfadhili anauliza kama jengo litakuwa "la kijani", mshauri anafungua kompyuta yake na kutaja vyeti vinne au vitano, vyote vinasikika vizuri, na wajumbe wanatazamana. Mara nyingi kinachochaguliwa ni kile chenye jina kubwa. Kazi yangu ni michoro na usimamizi wa ujenzi hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na naumia ninapoona pesa ya umma ikienda kwenye kibao cha ukutani wakati watu ndani wanatokwa jasho.

Nitoe msimamo wangu mapema, atakayekosa muda wa kusoma yote aondoke nao. Kwa majengo mengi ya umma ya mji huu, chukueni EDGE, cheti cha kundi la Benki ya Dunia, kama kipimo, na muazime maswali 14 ya HQE ya Wafaransa wakati wa kuandika cahier des charges, yaani hati ya masharti ya mradi. Green Star ya Afrika Kusini inafaa jengo kubwa ambalo mwenye nalo ana uwezo wa kulipa washauri kwa miaka kadhaa. LEED ya Marekani ni ya pale ambapo mfadhili ameiweka kama sharti. BREEAM ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1990 na ndiyo kongwe kati ya zote, ni nzuri kwao. Kwetu inahitaji mkaguzi mwenye leseni yake na mashauri mengi ya mbali, na sioni inachotupa ambacho hatukipati kwa wengine. Sitairudia sana.

Jua la hapa, mvua ya hapa

Kabla ya kulinganisha vyeti, tukubaliane jengo la umma la Lubumbashi linatakiwa kufanya nini.

Tuko kwenye nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wa mita takriban 1,200. Mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, halafu kiangazi kirefu. Julai usiku baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Oktoba ndiyo mwezi wa joto kali kabla mvua haijashika. Kiangazi tofauti kati ya mchana na usiku huwa kubwa, kupita nyuzi 15. Tofauti hiyo ni mali: ukuta mzito unaopozwa na hewa ya usiku hukaa baridi hadi mchana, bila umeme wowote.

Jua nalo lina mwenendo wake. Linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 24 Oktoba na karibu na tarehe 18 Februari. Februari kuna mawingu, kwa hiyo Oktoba ndiyo yenye kutesa. Juni saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, kwenye pembe ya nyuzi 55 hivi kutoka ardhini. Fanyeni hesabu ya dirisha moja tu linalotazama kaskazini, lenye urefu wa mita 1.5, na juu yake kidari cha zege kilichotokeza sentimita 60. Septemba, joto likianza kupanda, kivuli cha saa sita kinalifunika dirisha zima. Juni, watu wakitetemeka asubuhi, kivuli kinaishia sentimita 86 na jua linaingia kwa chini, linapasha sakafu joto. Sentimita 60 za zege zimefanya kazi ya msimu mzima, na hazihitaji fundi wa kuzitengeneza. Upande wa kusini hali ni nyepesi zaidi, maana hata Desemba jua la mchana liko juu sana.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Pale jua linakuja likiwa chini, kidari hakisaidii. Ingieni ofisi yoyote yenye kioo kikubwa kinachotazama magharibi, saa tisa alasiri, mwezi wa Oktoba, siku ya delestaji, umeme umekatwa kwa mgao. Kiyoyozi kimenyamaza. Dirisha ni la kioo kisichofunguka. Karani amebandika magazeti kwenye kioo kwa utepe, amesogeza meza yake hadi mlangoni, na foleni ya wananchi imehamia nje chini ya mwembe. Jengo la namna hiyo linaweza kupata cheti. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kwa hiyo swali ninalolipeleka kwa kila cheti ni hili: je, kinampa alama mchoraji aliyeelekeza jengo vizuri na kuliacha lipumue, au kinampa alama aliyenunua kiyoyozi bora kuliko cha jirani?

EDGE na LEED mbele ya jengo lisilo na kiyoyozi

Vyeti hivi vyote viwili hufanya hesabu ya nishati kwa kulinganisha. Kompyuta inalijenga jengo lako, kisha inajenga pacha wake wa kawaida, wa ukubwa uleule, mahali palepale, halafu inauliza la kwako limetumia pungufu kiasi gani. Ubishi wote uko kwa huyo pacha.

LEED ni ya baraza la Marekani la majengo ya kijani, USGBC, lililoundwa mwaka 1993. Ina alama 110. Ukipata 40 unapewa cheti cha kawaida, 50 ni fedha, 60 ni dhahabu, 80 kwenda juu ni platinamu. Katika toleo lake la nne, alama 33 ziko kwenye nishati, ndilo fungu kubwa kuliko yote. Pacha wa LEED anachorwa kwa kanuni za wahandisi wa viyoyozi wa Marekani, ASHRAE 90.1. Na hapo ndipo penye tatizo letu: kwa hesabu hiyo, jengo likiwa halina mtambo wa kupoza hewa, mara nyingi mhandisi analazimika kulichora kana kwamba linao, uleule alionao pacha. Uliyejenga jengo linalopoa kwa upepo na ukuta mnene unawekewa kwenye karatasi kiyoyozi ambacho hukukinunua. Uamuzi wako mkubwa kuliko yote, wa kukataa kiyoyozi, hauonekani vizuri. Ipo njia ya kuomba hesabu ya pekee, lakini inahitaji mtaalamu wa kuigiza mwenendo wa hewa kwa kompyuta, na huyo analipwa kwa dola.

EDGE ni ya IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Yenyewe haina alama za kukusanya. Ina masharti matatu: nishati ipungue kwa asilimia 20 kuliko jengo la kawaida la mahali hapo, maji asilimia 20, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi asilimia 20, matoleo ya karibuni yanapima kaboni ya vifaa hivyo. Ukikosa moja umekosa cheti, hata kama mbili nyingine umezipita mbali. Ukifika asilimia 40 kwenye nishati unapanda ngazi ya pili.

Kwa jengo lisilo na kiyoyozi, EDGE inafanya jambo ambalo kwetu ni la busara. Inakadiria joto litakalowasumbua watu, kisha inalibadilisha kuwa nishati ya kufikirika, kwa kuwa inajua kwamba watu wakiungua, siku moja watafunga kiyoyozi. Jengo lako likiwa na paa lenye kuzuia joto, vioo vya kadiri na vivuli vya kutosha, ile nishati ya kufikirika inashuka na wewe unahesabiwa umeokoa. Yaani kidari kile cha sentimita 60 kinaingia kwenye hesabu. Dari refu na madirisha yanayopitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine yanaingia. Rangi nyeupe ya mabati inaingia. Kuna hata nafasi ya kuandika ni sehemu gani ya umeme wako itatoka kwenye jenereta, jambo ambalo kwetu si la pembeni kabisa.

Halafu kuna suala la nani anaweza kukaa mbele ya kompyuta. Programu ya EDGE iko kwenye intaneti na kuifungua ni bure. Mchoraji kijana aliyemaliza masomo mwaka jana anaweza kuingiza vipimo vya jengo na kuona papo hapo nini kinatokea akipunguza vioo vya magharibi kwa nusu. Nimeona kamati ikibishana juu ya vioo kwa wiki nzima, kisha ikakubaliana kwa dakika chache baada ya kuona tarakimu zikibadilika ukutani kwa projekta. Kwa LEED mazungumzo hayo yanafanyika kati ya washauri, na kamati inapelekewa ripoti.

Kaboni ya umeme wa maji

Hapa watu wengi wa nje hawatuelewi, na vyeti vyao vinabeba kutoelewa huko.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, karibu wote unatokana na maji. Sehemu unatoka mitambo ya Katanga, kama Nzilo, Nseke na Mwadingusha, na sehemu unasafiri kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi kwa ile laini iliyokamilika mwaka 1982. Kwa kipimo cha kaboni ni umeme msafi kuliko wa nchi nyingi tajiri. Kilichopo ni kwamba hautoshi, migodi inakula sehemu kubwa, na unapokatika jengo la umma linawasha jenereta ya mazutu, yaani dizeli. Mfumo wa alama unaokupa sifa kwa kupunguza moshi wa mtambo wa makaa ya mawe ulioko mbali hauna la kukuambia hapa. Kilowati unayoiokoa Lubumbashi ina thamani nyingine: ndiyo inayoamua kama paneli za jua na betri zako zitafika jioni. Kiyoyozi kimoja cha ofisi kinakula wati 1,200 hivi. Feni ya darini inakula wati 70. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unaendesha feni 15 na zaidi, yaani wodi nzima au chumba kikubwa cha kusomea.

Kwa upande wa EDGE, asilimia 20 yake ni ya nishati yenyewe, kwa hiyo usafi wa umeme hauivurugi. LEED katika toleo la nne inapima akiba kwa gharama ya nishati, na toleo la 4.1 likaongeza kipimo cha gesi joto. Bei ya SNEL ikiwa ndogo na kaboni yake ndogo, akiba yako yote inaonekana ndogo, ingawa wodi ya wazazi inajua tofauti yake.

Mzigo wetu halisi wa kaboni uko kwenye vifaa. Saruji inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe yanatoa hewa ya kaboni yakipasuka; ulimwenguni saruji peke yake inachangia karibu asilimia 7 au 8 ya kaboni yote. Ya kwetu nyingi imepanda lori na kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Matofali ya kuchoma tunayoyapenda, yale ya udongo wa kichuguu, ni imara: kanisa kuu letu la matofali mekundu limesimama tangu enzi za ukoloni. Lakini tanuru linachomwa kwa kuni za miombo, na miti hiyohiyo ndiyo inayokatwa kwa makala, yaani mkaa, ya kupikia. Kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi na mji.

Tofali la udongo ulioshindiliwa kwa mashine, lenye saruji asilimia 5 hadi 8 na lisilochomwa, linaondoa kuni kwenye hesabu. Unyevu wa miguu ya ukuta unataka msingi wa mawe na paa lililotokeza, basi. EDGE inalitambua tofali hilo kwenye orodha yake ya kuta, na kulichagua badala ya la kuchoma kunasogeza tarakimu ya vifaa kwa kiasi kikubwa. Kinachonisikitisha ni kwamba EDGE haiulizi kuni zilitoka msitu gani. Tofali la kuchoma ni tofali la kuchoma kwake. Hilo mliandike wenyewe kwenye mkataba.

Yale EDGE haioni

Haioni mambo mengi, na kamati inayochagua EDGE ijue hilo tangu mwanzo.

Haioni kelele. Kwetu kelele ina maana ya mvua ya Januari juu ya mabati matupu: hakimu ananyamaza, mwalimu ananyamaza, wote wanangoja. Haioni vumbi. Upepo wa kiangazi hapa unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na katika mji uliojengwa kuzunguka kinu cha shaba, vumbi si udongo tu. Madini yameonekana kwenye udongo wa mitaa iliyo upande upepo unakokwenda. Haioni maegesho, wala ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu, wala takataka, wala nani atalitunza jengo baada ya sherehe ya kukata utepe.

HQE ya Wafaransa inaona. Chama kilichoianzisha kiliundwa mwaka 1996, na mfumo wake wa asili una malengo 14 katika mafungu manne: ujenzi wenyewe, uendeshaji, starehe na afya. Ndani yake kuna joto na unyevu, sauti, mwanga, harufu, ubora wa hewa, ubora wa maji. La saba ni matengenezo na udumishaji, na ningekuwa na uwezo ningeliweka la kwanza katika nchi yetu. Utaratibu wake wa awali haukudai uwe bora kwenye yote 14. Ulitaka angalau malengo matatu yawe ya kiwango cha juu kabisa, manne ya kiwango kizuri, na yaliyobaki yasishuke chini ya kawaida. Wewe ndiye unayechagua matatu yako, na unatakiwa ueleze kwa nini. Hilo napenda sana. Kamati ya hospitali itachagua hewa, maji na matengenezo. Kamati ya mahakama itachagua sauti, mwanga na joto. Mjadala huo ukifanyika kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, umeshalipa.

Na HQE inakagua mara tatu: kwenye programu (hati ya mahitaji ya jengo), kwenye michoro, na kwenye ujenzi. Ukaguzi wa programu, yaani kabla mchoraji hajaanza, ndio unaokosekana kwingine. Nyaraka zake ni za Kifaransa, lugha ambayo wahandisi wetu walisomea na ambayo mikataba ya serikali inaandikwa. Hakuna haja ya kumlipa mtu wa kutafsiri.

Mbona basi sisemi mchukue cheti cha HQE chenyewe? Wakaguzi wanatoka mbali, mara tatu, na hoteli na ndege zao zinatoka kwenye bajeti ya milango na vitanda. Malengo 14 yanaweza kuandikwa kwenye cahier des charges bila kulipa mtu. Kwa mwenye uwezo, cheti ni heshima. Kwa wengine, maswali yanatosha.

Green Star: jirani wa kusini

Green Star ilizaliwa Australia mwaka 2003, na baraza la majengo ya kijani la Afrika Kusini, lililoundwa mwaka 2007, likaichukua na kuirekebisha kwa mazingira yake. Nyota nne ni kazi nzuri, tano ni ya mfano kwa nchi nzima, sita ni ya kiwango cha dunia. Walitoa zana maalumu kwa majengo ya umma na ya elimu, jambo adimu. Vyeti vingi vilianza na ofisi za kupangisha na kuongeza shule baadaye. Pia mfumo umetumika nje ya Afrika Kusini, Namibia na Ghana zikiwemo, kwa kuandika ripoti inayoeleza hali ya nchi husika.

Lubumbashi ina uhusiano wa kila siku na kusini: malori, vipuri, wahandisi wa migodi. Mshauri wa Johannesburg anafika hapa kwa urahisi kuliko wa Paris. Uwanda wao wa juu pia una kiangazi kikavu na usiku wa baridi kama wetu. Faida yake nyingine ni kwamba inapanua macho: hewa ya ndani, ardhi na mimea, uchukuzi, moshi na maji machafu, usimamizi wa mradi. Kasoro yake kwetu ni hesabu ya nishati inayobeba fikra za nchi ambayo umeme wake mwingi unatokana na makaa ya mawe, na kazi ya kuandika ile ripoti ya nchi mtaibeba nyinyi. Kwa chuo kikuu kinachojenga kampasi nzima, au makao ya taasisi kubwa, naona inafaa. Kwa kituo cha afya cha komini ya Katuba au Ruashi, hapana.

Kutoka LEED nami naazima kitu kimoja kidogo: mikeka ya mlangoni yenye urefu wa mita 3 kwa kila mlango mkuu, ili viatu viache vumbi kabla ya kuingia. Gharama yake ni ndogo, na kwa vumbi la mji huu ni kinga ya mapafu ya watu.

Maji

Hapa tofauti kati ya vyeti ni ndogo, vyote vinataka mabomba yanayotumia maji kidogo na vyote vinakubali maji ya mvua. Kwa hiyo nitazungumzia paa.

Mvua yetu ni kama milimita 1,200 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la jengo la umma lenye mita za mraba 2,000, hata tukitoa sehemu ya tano inayopotea, linakusanya lita zipatazo 1,900,000. Tatizo ni kwamba zote zinakuja katika nusu ya mwaka. Tangi la kuhifadhi maji ya miezi yote ya kiangazi lingekuwa kubwa kuliko jengo lingine. Kwa hiyo pimeni tangi la kutosha wiki kadhaa za msimu wa mvua, muache forage, kile kisima kirefu cha kuchimbwa, ipumzike miezi hiyo, na kiangazi mrudi kwenye forage au REGIDESO, shirika la maji. Maji ya paa yaende vyooni na bustanini. Kwa jinsi vumbi linavyokaa juu ya mabati hapa, mvua za kwanza za Novemba zimwagwe nje kwanza. EDGE inahesabu akiba hiyo vizuri, lakini kifaa cha kumwaga mvua ya kwanza haitawauliza. HQE, kwenye lengo lake la ubora wa maji, itawauliza.

Aina ya jengo ibadilishe uamuzi

Hospitali ndiyo inayonigusa zaidi. Mfano wa karibu ninaoutoa kwa kamati ni hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kuchorwa na MASS Design Group. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya eneo hilo, yaliyochongwa na watu wa hapohapo. Njia za kupita kati ya wodi zimewekwa nje, ili wagonjwa wenye kifua kikuu wasikae pamoja na wengine kwenye korido ya ndani isiyo na hewa. Dari ni refu, madirisha makubwa, na feni pana zinazungusha hewa ipande na kutoka. Starehe na kinga vimetoka kwenye mchoro uleule. Kwa wodi za Lubumbashi nataka kitu hichohicho: barza pana upande wa kaskazini na kusini, wagonjwa wangojee nje kwenye kivuli, na hewa ipite. EDGE itawapa akiba, HQE itawadai ubora wa hewa. Chumba cha upasuaji na maabara vitabaki na viyoyozi. Viwekeni pamoja mahali pamoja, kwenye laini yao ya umeme yenye betri, ili jenereta isiendeshe jengo zima kwa ajili ya vyumba viwili.

Kwa shule na maktaba, tazameni Gando, Burkina Faso. Francis Kéré alimaliza shule ya msingi pale mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, akaliinua paa la bati juu ya dari kwa fremu za vyuma, hewa ikapita katikati na kuondoa joto la bati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ya juu kabisa katika usanifu wa majengo. Dari la matofali chini ya bati linatuliza pia kelele ya mvua, na kwa mwalimu wa Januari hilo ni jambo kubwa.

Ofisi na mahakama zijifunze Harare. Eastgate, jengo kubwa la maduka na ofisi lililochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linavuta hewa baridi ya usiku ndani ya zege lake zito na kuitoa polepole mchana, bila mtambo wa kawaida wa viyoyozi. Harare iko juu kama sisi, kwenye uwanda wenye usiku wa baridi kama wetu. Wanaojenga minara ya vioo katikati ya mji wetu wanachukua mfano wa miji ya pwani yenye joto la usiku na mchana, wakati mfano unaotufaa uko kusini hapo tu.

Ofisi za komini, soko, kituo cha polisi: EDGE peke yake, bila mjadala mrefu. Elekezeni upande mrefu kaskazini na kusini, wekeni vyoo, ngazi na stoo upande wa magharibi, pakeni paa rangi nyeupe, na asilimia 20 itafikiwa kwa gharama ndogo.

Cheti cha michoro si cheti cha jengo

Hili ndilo ningependa kamati ilikazie kuliko mengine yote. EDGE hutoa cheti cha awali kwa michoro, kisha cheti cha mwisho baada ya mkaguzi kulitembelea jengo lililokamilika. Green Star nayo ina cheti cha usanifu na cheti cha jengo lilivyojengwa. LEED inathibitishwa zaidi kwa nyaraka zinazopelekwa mtandaoni. Kwetu, ambako kati ya mchoro na ukuta kuna mkandarasi, mkandarasi mdogo, uhaba wa vifaa na haraka ya uzinduzi, ziara ya mkaguzi ina uzito mkubwa. Kidari cha sentimita 60 hupunguzwa kuwa 30 uwanjani. Sufi ya kuzuia joto chini ya bati husahauliwa, na hakuna anayeiona tena dari likishafungwa.

Kwa hiyo wekeni kwenye mkataba mambo yafuatayo, kwa lugha ya mkataba na kwa namba. Mkandarasi apige picha kila kinachofunikwa, kabla hakijafunikwa, na mhandisi wa kamati asaini. Vipimo vya vidari, aina ya tofali na mahali kuni zilikotoka viandikwe kama masharti, si mapendekezo. Mtu wa matengenezo atajwe, pamoja na fungu lake la mwaka, kabla jengo halijapokelewa. Na ile sehemu ya malipo inayozuiliwa kama dhamana isiachiliwe kwa barua ya mchoraji wala kwa cheti cha awali. Iachiliwe siku cheti cha mwisho cha EDGE kinapofika mkononi mwa mwenyekiti wa kamati.